Ijumaa ni ya Nani?

Leo tuiache Jumamosi ya kanisani na tuiache Jumapili ya kanisani, maana hizo zina wahubiri wa kutosha. Nataka tuizungumzie Ijumaa.

Pita sokoni Rongo au Awendo, huku kwetu Migori, siku hiyo, mwendo wa saa kumi alasiri, utawatambua akina mama Wasabato bila kuuliza. Mmoja anakunja turubai la nyanya saa ileile wateja wanapoanza kutoka kazini. Mwingine amekubali bei ya hasara kwa mafungu ya mwisho ya sukuma wiki, kwa sababu hahesabu tena shilingi, anahesabu jua: likizama, Sabato imeingia. Jirani yake Mkatoliki, ambaye atauza mpaka taa ziwashwe, anamsaidia kufunga mzigo huku akimtania, kisha anamwitia bodaboda.

Na jua la huku kwetu halina mchezo. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Wasabato wenzetu wa kaskazini kabisa mwa Norway wana shida yao: kiangazi jua linakataa kuzama, mpaka watu wakae kitako waamue Sabato inaanza saa ngapi. Mama wa Migori hana kisingizio hicho. Saa yake inajulikana tangu Januari hadi Desemba, na bado kila Ijumaa inamkuta mbio.

Tuingie nyumbani tuone mbio zenyewe. Maji ya siku mbili lazima yawe ndani: madumu ya lita 20 yamepangwa ukutani, na kama kisima kina foleni, kuna mtoto amekwenda mtoni akarudi na kwenda tena. Sakafu ya udongo ilipakwa samadi jana, Alhamisi, kwa sababu ikipakwa Ijumaa haitawahi kukauka na asubuhi nyayo za watoto zitakuwa zimechorwa sebuleni kote. Pasi ya makaa iko mlangoni, mdomo wazi, inapata upepo. Inangojewa na shati la baba, rinda la binti, na sare ya kijana ya chama cha Pathfinder cha kanisani, yenye beji ambazo huwezi kuzipitishia pasi moja kwa moja. Viatu vimepangwa kwenye jiwe kusubiri rangi. Karai la kuogeshea liko nyuma ya nyumba, na kitinda mimba, aliyekwisha kuogeshwa, amekimbilia vumbini kumwona ndama, kwa hiyo kazi inaanza upya. Wakati huohuo sufuria ya maharage inachemka, unga wa chapati umefunikwa, na mzee wa kanisa amepiga simu kusema kwamba kesho kuna wageni wa kwaya, wachache tu. Wachache wa kwaya ni watu kumi na wanne.

Baba naye yuko wapi? Baba amekaa chini ya mwembe na kitabu cha lesoni ya Shule ya Sabato, anasoma funzo la wiki, maana kesho yeye ndiye kiongozi wa darasa. Simsemi vibaya. Lesoni inapaswa kusomwa. Lakini jua likigusa kilima, yeye ndiye anayeita watu ndani, anafungua Nyimbo za Kristo, anaanzisha wimbo kwa sauti iliyotulia, na mama anaingia kwenye ubeti wa kwanza akiwa bado anafuta mikono kwenye leso. Watoto wakimwona amesinzia kwenye maombi wanachekeana. Mwili wa mama umeanza kupumzika kabla baba hajasema amina.

Hali hii ina historia. Mwezi wa Novemba 1906, Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, kijana Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ndiyo Malawi, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakaanzisha pale misheni ya kwanza ya Waadventista Wasabato nchini Kenya. Kutoka Gendia ujumbe ulisambaa Nyanza ya kusini yote. Kamagambo ikapata misheni na shule, Kendu ikapata hospitali mwaka 1925, pale Gendia ikasimama matbaa iliyochapisha vitabu kwa Dholuo. Haya yote yameandikwa, na majina ya wanaume waliofanya kazi hiyo yanajulikana. Jambo ambalo sijaona likiandikwa sana ni namna wiki ya mwanamke ilivyogeuka. Zamani kazi ilifuata mvua: kuna miezi ya kulima usiku na mchana, na kuna miezi ya kupumua. Injili ilipofika, mzee wa boma aliongezewa siku ya kupumzika kila wiki. Mama naye aliongezewa siku hiyohiyo, pamoja na nyingine kabla yake yenye kazi ya siku mbili.

Najua wapo wanaonisikiliza wakisema, huyu sasa anaipiga vita Sabato. Sivyo hata kidogo. Mimi naiona ni zawadi kubwa kwa mama wa kijijini, pengine kubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Katika maisha yetu ya shamba, miwa, mifugo, soko na chama, nani mwingine angemwambia mwanamke aweke jembe chini saa ishirini na nne nzima bila kujieleza kwa mtu? Mama mkwe hawezi kumtuma shambani. Mteja hawezi kumgongea dirisha. Ndiyo maana inaniuma kuona zawadi hiyo inamfikia ikiwa imeshalipiwa bei yote na yeye mwenyewe.

Ukifungua Kutoka 20, amri inawataja wanaopaswa kupumzika: wewe, mwanao, binti yako, mtumishi wako wa kiume na wa kike, mifugo, hata mgeni aliye malangoni kwako. Mke hayumo kwenye orodha. Nimewasikia wanaume wakilifanyia mzaha jambo hili, kwamba ndiyo sababu vyombo vya Sabato mchana bado vinaoshwa na yeye. Mimi nasoma vingine. Hakutajwa kando kwa sababu yeye si mtu wa kando. Yumo mle mwanzoni kabisa, pamoja na mumewe, katika wale wanaoambiwa wahakikishe kwamba walio chini yao wamepumzika. Maana yake ana wajibu, na ana haki. Hawezi kuambiwa aisimamie Sabato ya nyumba nzima huku yeye mwenyewe akiwa ndiye ng'ombe wa kukokota jembe.

Na kabla ya amri hiyo, kuna sura ya 16 ya kitabu hichohicho, habari ya mana. Siku ya sita watu waliambiwa waokote mara mbili. Ijumaa ya maandalio imetoka hapo. Soma ni nani waliokwenda kuokota. Ni watu, wote, kila mmoja kwa hesabu ya waliomo hemani mwake. Haijaandikwa popote kwamba wanaume walibaki kivulini wakisubiri mana ije imepikwa.

Mana inanipeleka jikoni, na hapo nina maneno na akina mama wenyewe. Adui wa Ijumaa ni chapati. Ndiyo, nimesema. Sijui ni lini tulikubaliana kwamba Sabato bila chapati si Sabato, lakini hebu tufanye hesabu. Pakiti ya unga ya kilo mbili inatoa chapati ishirini na kitu. Kila moja inakaa kwenye kikaango dakika tatu hivi, ukiwa umeinama juu ya jiko la makaa, na kikaango ni kimoja. Hiyo ni saa nzima na zaidi ya kugeuza tu, mbali na kukanda, kukata madonge na kusukuma. Saa nzima, alasiri ya Ijumaa, kwa ajili ya kitu ambacho kesho saa nane mchana kitakuwa kimekauka kama ngozi ya kiatu.

Kumbe mapishi yetu wenyewe yalikuwa tayari kwa Sabato kabla Sabato haijafika. Chukua mboga za kienyeji: osuga, dek, mitoo. Hizi si mboga za haraka. Unazichuma Jumatano jioni, unazichambua usiku mkiwa mnapiga hadithi, unazichemsha mpaka uchungu utoke, unamwaga yale maji, unatia maziwa. Alhamisi unachemsha tena na kuongeza maziwa. Ijumaa hivyohivyo. Kila mara chungu kinachemka vizuri ili kisichache, na kila mara uchungu unapungua na utamu unazidi. Siku ya tatu ndipo mtu anapolamba vidole. Siku ya tatu, ukihesabu, ni mkesha wa Sabato. Bibi zetu hawakuzipika hivyo kwa sababu ya Musa, lakini hakuna chakula kinachomtii Musa kuliko hiki.

Ama chukua nyoyo. Mahindi na maharage yaliyolowekwa tangu Alhamisi, yakawekwa motoni Ijumaa asubuhi wakati mama anafanya mambo mengine, hayahitaji kusimamiwa. Kuna kina mama wanaochemsha kwa muda tu, kisha wanaifunga sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa sponji na matambara, moto wake wenyewe unamaliza kazi. Kuni zinabaki na mama anakwenda sokoni. Jambo la kuangalia ni kwamba chakula kisilale humo usiku kucha kikipoa polepole. Kikiiva kitolewe, na kesho yake kichemke sawasawa kabla ya kuliwa. Wayahudi, ambao wana miaka mingi ya Ijumaa kutushinda, wana chakula chao kiitwacho cholent: maharage, shayiri, viazi na nyama, kinawekwa kwenye moto mdogo kabla ya jua kuzama na kuachwa papo hapo usiku kucha mpaka mchana wa Sabato. Mwanamke wa Kiyahudi wa Poland na mwanamke wa huku kwetu Kanyamkago wamefikia jibu linalokaribiana, kwamba siku takatifu inataka chakula kinachoweza kuachwa peke yake.

Ugali ni kesi nyingine. Ugali wa jana hakuna anayeutaka, na kuna nyumba zinazobishana mwaka hadi mwaka kama kuusonga siku ya Sabato ni kazi au si kazi. Mimi simo katika ubishi huo. Nimegundua tu kwamba wanaoubishia sana hawajawahi kushika mwiko.

Sasa kuna nyumba ambazo shida yake ni mara mbili, nazo ni nyingi katika kaunti zetu mbili, Migori na Homa Bay. Mke Msabato, mume Mkatoliki aliyelelewa upande wa Asumbi. Au mama mkwe ni wa Legio Maria, na kila mwaka lazima kanzu zake nyeupe zitoke safi kama maziwa kwa safari ya hija ya Got Kwer. Nyumba kama hiyo inapigiwa pasi Ijumaa na inapigiwa pasi tena Jumamosi usiku. Chungu nacho kinagawanyika. Mama anafuata Walawi 11, samaki asiye na mapezi na magamba hali, kwa hiyo ngege na mbuta karibuni, mumi na kamongo hapana. Lakini mume ni mtu wa Karungu, na dada yake amemletea kamongo aliyekaushwa vizuri. Utafanyaje, utamnyima? Wengi wana sufuria ya pembeni, ya kamongo peke yake, na mume mwenye busara anaipika na kuiosha mwenyewe. Wanaume wa nyumba hizi za makanisa mawili, nimeona, mara nyingi wanajua kupika kuliko wale wa nyumba yenye kanisa moja. Ugumu umewafundisha.

Niseme pia juu ya yule ambaye amri ilimtaja wazi na sisi tunamsahau: dada wa kazi. Mama mwalimu au mama muuguzi hapa Migori mjini au Homa Bay hafiki nyumbani Ijumaa kabla ya saa kumi na moja. Maandalio yote yamefanywa na msichana aliyetoka kijijini, ambaye labda kwao wanasali Jumapili. Sabato inafika, familia inavaa, inapanda gari au bodaboda, na msichana anaambiwa abaki apashe chakula. Jumapili nayo ni siku ya kufua sare za shule. Huyu anapumzika lini? Mifugo imetajwa kwenye ile amri, ndugu zangu. Mbuzi wa boma lako ana siku yake, msichana aliyekulelea mtoto hana.

Nikigusa hapo, najua kinachofuata. Atatajwa yule mwanamke wa Mithali 31. Kila semina ya akina mama, kila siku ya wanawake kanisani, analetwa: anaamka kungali usiku, anasokota, anauza, anapanda shamba, taa yake haizimiki. Tunaambiwa tuwe kama yeye, na tunarudi nyumbani tukiwa tumechoka kabla ya kuanza. Rudini msome mstari wa 15. Alikuwa na wajakazi, na aliwagawia kazi. Wala mume wake hakukaa bure. Alikuwa na shughuli malangoni na wazee wa nchi. Nyumba ile ilikuwa na mikono mingi. Tumechukua kazi za nyumba nzima tukazivalisha mtu mmoja, kisha tukaziita sifa.

Mikono mingine itoke wapi? Mikono imo nyumbani humohumo. Tatizo ni kwamba tumeamua mingine haiingii jikoni. Mila yetu ya Kiluo ilimpa kijana simba, yaani kibanda chake nje ya nyumba ya mama, alale huko ajifunze uanaume, na msichana akaenda siwindhe kwa bibi kufundishwa mambo ya nyumba. Siwindhe imekwisha, simba bado ipo. Kijana wa miaka kumi na saba amelala huko Ijumaa alasiri na simu, dada yake wa miaka tisa anasugua sufuria. Kijana huyohuyo akimaliza shule ataenda Nairobi, atapanga chumba kimoja Pipeline au Kayole, na atapika omena, atafua, atapiga pasi, bila mtu kusema amevunja mila. Kwa nini lililo halali Pipeline liwe mwiko huku kwetu Uriri?

Baba mmoja aliwahi kunijibu kwamba mwanamume akionekana na mwiko, wake za jirani watamcheka mke wake, watasema amemlisha dawa. Hilo ni kweli, nimelisikia kwa masikio yangu, na waliosema walikuwa wanawake, tena wa kanisani. Kwa hiyo na sisi tuna la kujibu. Lakini si lazima tuanzie kwenye mwiko. Kupasua kuni hakuhitaji mke. Kuchota maji kwa baiskeli yenye madumu manne ni kazi ambayo wavulana wanaifanya kwa malipo kila siku hapa mjini. Pasi ya makaa ni nzito na ni ya moto, kazi ya mkono wenye nguvu. Rangi ya viatu. Kuogesha wavulana wadogo. Toa hayo matano kwenye Ijumaa ya mama, atabaki na chungu na mtoto wa kunyonya, na pengine dakika za kuketi kabla ya wimbo wa kwanza.

Suala la wageni wa ghafla nalo ni la wazee wa kanisa. Mgeni ni baraka, hatukatai, na hatutaki siku ifike ambapo mtu anakula Sabato peke yake. Lakini anayeahidi chakula na apige simu Jumanne, si Ijumaa saa kumi na moja, na kila familia ije na sufuria yake tule pamoja pale kanisani. Makanisa mengine tayari yanafanya hivyo, na wanakwaya hawajakonda.

Tena si kwamba hatujui kugawana. Angalieni wakati wa makambi ya kanisa. Wiki nzima watu wako chini ya mahema, mamia kwa mamia, wanakula mara tatu kwa siku. Nani anapasua kuni? Vijana. Nani anabeba yale masufuria makubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua? Wanaume, wawili wawili, na mashemasi wameandika zamu kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mti. Nimewaona wazee wa kanisa, watu wenye tai, wamekunja mikono ya shati wanachambua mchele, na hakuna aliyesema wamelishwa dawa. Zamu ile ya kwenye mti inaweza kuandikwa kwenye ukurasa wa daftari la shule na kubandikwa mlangoni, na majina yake si mengi. Ya baba yaanze, upande wa kuni na maji, na saa iwe kumi kamili.